Siku Viti vya Sinema Vilipopakiwa Kwenye Lori

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hata leo sijaisahau. Nilikuwa msichana, nikikata tikiti katika jumba la sinema mjini Kericho. Usinione hivi na kitambaa changu kichwani, siku hizo nilivaa sketi nyekundu ya kazi, na nikipita sokoni watu waliniita "yule wa sinema." Nami niliitika kana kwamba jumba ni la baba yangu.

Mwaka mmoja kabla, nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi. Mama, mchumaji chai wa Roret, ndiye aliyeniletea barua, ameifunga kwa nailoni isilowe. Nikamwambia, "Mama, nikaoshe vidonda kwa nini? Watu hawawezi kuacha sinema." Hakubishana. Aliyenikemea ni Mzee Odhiambo, mtu wa upande wa ziwa aliyeendesha mashine yetu ya picha. "Binti yangu, cha kuazima hakisitiri maungo. Hiyo sketi ni ya tajiri mwenye jumba. Yako ni gani?" Yeye mwenyewe kila asubuhi alikuwa akijifunza kutengeneza cherehani na kushona kwa fundi mmoja nyuma ya stendi. Nilimcheka, mwanangu. Mtu wa umri wa baba yangu, nikamcheka mbele ya watu.

Basi Jumamosi hiyo nikamwalika Mama aje aone sinema kwa mara ya kwanza maishani. Alikuja na gauni lake la kanisa. Tulipofika, milango ilikuwa wazi, nikafurahi nikidhani watu wameanza kuingia. Kumbe ndani wanaume nisiowajua walikuwa wanang'oa viti kwa nyundo na kuvipakia kwenye lori. Pazia la picha lilikuwa limetandazwa chini, wanalikanyaga na buti za matope.

Nikamkimbilia Mzee Odhiambo. "Mzee, hawa ni wezi?"

Odhiambo alikuwa ameketi kwenye ngazi. "Si wezi. Tajiri ameuza. Litakuwa ghala la mahindi. Hata mimi nimejua leo."

"Na sisi?"

"Sisi nani angetuuliza?"

Video zilikuwa zimeshafika mpaka vijijini, na kila wiki niliona viti vitupu vikiongezeka, nikijiambia ni mvua tu. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi sikutaka kuinua macho.

Mama aliutazama ule ukumbi. Kisha akasema kwa Kipsigis, lugha yetu ya nyumbani, polepole, "Nilikuja kuona sinema. Nimeona." Akageuka, akaanza safari ya kurudi nyumbani. Afadhali angenipiga.

Nafasi yangu ya uuguzi alikuwa amepewa mwingine. Nilichuma chai miezi minane, ndipo nikapata moyo wa kumwendea Odhiambo, sasa fundi cherehani, kumwomba msamaha. Hakunisimanga. Alinivutia kiti mbele ya cherehani, akanionyesha jinsi ya kutia uzi. Nimeshona sare za shule tangu hapo.

Wiki jana nilienda mjini kununua uzi katika lile jumba la maduka ambalo ninyi vijana mliliita Ulaya ndogo. Mwanangu, nilishtuka! Supamaketi imefungwa, rafu tupu, na nje wasichana wameketi na sare zao za kazi, kila mmoja anamwuliza mwenzake sasa waende wapi. Na wewe nasikia unataka kuacha masomo ya chuo huko Kabianga ukaajiriwe katika jumba lingine kama hilo.

Sikukatazi kazi. Fanya wikendi, fanya likizo, na uifanye kwa bidii. Lakini usiache masomo kwa sababu ya taa na vioo vya mtu mwingine. Jumba likiuzwa, mwenyewe huondoka na funguo. Ujuzi wako hakuna anayeweza kuupakia kwenye lori. Na ukiona viti vinabaki vitupu, usidanganye moyo wako.

Mungu akulinde, mwanangu. Mvua ya mawe ipite mbali na shamba lako, maziwa yasikauke nyumbani kwako, na mikono yako isikose la kufanya mpaka uzee.