Mbio za Dada Kwenye Stoo ya Kahawa

Juzi nilipita Ruiru, pale palipokuwa na shamba la kahawa tulikozaliwa. Siku hizi ni maghorofa matupu. Watoto walikuwa wakikimbizana barabarani kwa viatu vya magurudumu, mama mmoja akiwapiga picha, nami nikasimama kuwatazama hadi mlinzi akaniuliza, "Mzee, umepoteza nini hapa?" Nikamwonyesha palipokuwa stoo, rafiki yangu.

Miaka ile ya hamsini, kambi nzima ya wafanyakazi ilikuwa na jozi moja tu ya viatu hivyo. Mama alikuwa yaya kwa Mzungu mwenye shamba. Binti wa Mzungu aliponunuliwa vipya, vya zamani vikatupwa jalalani, na dada yangu mkubwa akaviokota. Alivifunga kwa kamba ya mkonge, magurudumu akayapaka mafuta ya kupikia. Magunia yakishatolewa stoo, sakafu ya simiti ilibaki laini, ikinukia kahawa mbichi, na Jumapili baada ya kanisa tulijazana mlangoni na viazi vitamu mkononi. Wavulana walishindana naye miguu mitupu, wote wakala vumbi lake. Ee, alikuwa na mbio huyo msichana!

Baadaye binti wa Mzungu akaanza kuja na vyake. Dada alimshinda kila mara, kisha akamfundisha kwa moyo mweupe: inama, tupa mkono, usiogope kona. Siku moja mwenye shamba akawaona, akamwambia mama kwamba Jumamosi dada ataenda nao Thika, kwenye mashindano ya klabu ya Wazungu. Ilikuwa wakati wa Emajensi, ile hali ya hatari ya vita vya Mau Mau. Mkikuyu hakutoka shambani bila pasi, karatasi ya ruhusa, na dada akapewa pasi. Sasa sisi tungefikiri nini? Mama alimshonea gauni la gunia jeupe la unga. Wiki hiyo dada hata chakula hakikumshuka, alivyolitaka kombe la mshindi.

Jioni gari liliporudi, wanawake walikuwa wamejipanga kando ya njia. Dada ameketi nyuma, kombe mapajani.

"Ngai! Amelileta!" mama akapaza sauti, na wanawake wakapiga vigelegele vitano. Kwetu vitano ni vya kumpokea mtoto wa kiume. Msichana hupigiwa vitatu. Hakuna msichana wa kambi yetu aliyewahi kupewa heshima ile.

Dada akashuka akitazama chini. "Mama, waambie wanyamaze. Nimeambiwa nilishike tu."

Binti wa Mzungu akanyoosha mkono, akachukua kombe lake. Kumbe dada alipelekwa akashike makoti. Alisimama ukutani mchana kutwa, akamtazama mwenzake akishinda kwa kuinama vilevile alivyomfundisha. Yeye hata kuvaa viatu vya magurudumu hakuruhusiwa. Nina hasira hadi leo, wala sitaki kutulizwa.

Wanawake walitawanyika. Kesho yake dada alivitupa viatu chooni, na aliyethubutu kumtajia mbio alikiona.

Kahawa iling'olewa, stoo ikabomolewa, na wengi waliomwona akipaa kwenye simiti ile wamekwisha kufa. Mwaka jana tulimzika na yeye. Mchungaji, kijana wa juzijuzi, alimsifu kwamba alikuwa mama mtulivu, ambaye maishani mwake hakuwahi kuwa na haraka. Watu wakaitikia amina.