Shanga za Mkunga Kwenye Beseni la Chumvi

Kazini walimwita Darubini, na hakuchukia, maana jina lenyewe lilimkaa sawasawa. Akiingia sebuleni kwa watu, kabla hata hajakaribishwa kiti, macho yake yalikuwa yameshazunguka chumba kizima na kurudi. Kabati lile ni mvule mtupu, hili ni mbao za kubandika. Sinia ile shaba, hii imepakwa rangi tu. Ndiyo kazi yake, mthamini wa mali za majumbani. Mtu akitaka kukatia bima vitu vyake, kampuni ilimtuma Darubini kwanza, aende aone, apime, apige picha, aseme kila kitu kina thamani gani, ili siku ya moto au ya mwizi pasiwe na mabishano.

Alikulia katika duka la baba yake la samani kuukuu, akilala usingizi wa mchana ndani ya makabati yaliyosubiri mnunuzi. Harufu ya vanishi aliijua kabla ya kujua kusoma. Ila kilichomwingiza kwenye mambo ya bima ni moto. Nyumba ya shangazi yake iliungua, shangazi akatoka na nguo aliyovaa tu, na watu wa bima walipomuuliza ndani mlikuwa na nini, maskini ya Mungu alibaki kusema, "Vitu. Vitu vyangu." Vitu vya maisha mazima, na hakuweza kuvitaja! Tangu hapo Darubini akasema moyoni, mimi nitavitaja vitu vya watu vingali vizima.

Basi asubuhi moja akatumwa kwa fundi friji.

Fundi huyu alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono myepesi, na alikuwa amenunua runinga kubwa kama mlango. Alimpokea mgeni getini na kumvuta moja kwa moja hadi mbele ya runinga hiyo.

"Dada, anza na hii. Nyingine zote ni porojo."

"Nzuri, kaka," Darubini alisema, akiisoma namba nyuma yake. "Lakini hizi ni kama barafu. Unavyoitazama ndivyo inavyoyeyuka. Mwakani bei yake nusu."

Fundi akashika kiuno kama aliyeambiwa habari za msiba. Mama yake, mkunga mstaafu aliyekuwa akichambua mboga mlangoni pa jikoni, alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

"Shikamoo, mama," Darubini alisema.

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyo! Usiku hatulali kwa bunduki za sinema za humo ndani."

Kazi ikaendelea. Kochi, vitanda, cherehani, mashine za fundi zilizojaa kibarazani. Walipofika chumbani kwa mkunga, bibi alisema hakuna cha kupima humo zaidi ya godoro na dawa za magoti. Kweli, hakikuwepo. Darubini alishukuru na kugeuka atoke. Kwenye korido akakanyaga kitu cha mviringo, mguu ukateleza, nusura apige mweleka.

"Chiriku!" bibi alipaza sauti. "Gololi zako zitaua wageni!"

Chiriku alikuwa mjukuu wake, binti wa miaka saba au minane ambaye mdomo wake haukujua likizo. Alikuja mbio. "Si yangu, bibi! Yangu ile ya bluu! Hiyo ni ya kushinda, nilimshindia yule wa nyumba ya pili, kisha akanishindia, kisha..."

Darubini hakumsikia tena. Alikuwa ameokota ile gololi, na mkono wake ulikuwa umeshajua kabla ya kichwa. Ilikuwa nyepesi mno. Kioo huwa baridi kiganjani, nayo ilikuwa na uvuguvugu. Rangi yake kama asali iliyokaa siku nyingi, na katikati ilikuwa na tundu. Hii si gololi, hii ni punje ya ushanga. Akatoa lenzi yake. Akaipeleka dirishani.

Ndani ya ile asali, miguu imekunjwa, mabawa yameng'ara, alilala mdudu mdogo kuliko punje ya mtama.

"Mama," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, "hiki kitu kimetoka wapi?"

"Hivyo viplastiki?" Mkunga alifuta mikono. "Nilipewa zamani sana, nikiwa zahanati. Mama mmoja mchuuzi, msafiri, uchungu ulimkuta njiani, mvua inamwagika, akajifungulia koridoni kwetu. Mtoto alitanguliza miguu. Nilihangaika naye, we acha tu! Wote wawili wakapona. Alipoondoka akazivua shanga hizo shingoni kwake akanivika mimi. Nikaziweka kwenye kopo la vifungo. Uzi ulipokatika, nikawapa watoto wachezee."

"Watoto gani?"

"Watoto," mkunga alisema, akizungusha mkono kuonyesha mtaa mzima.

Darubini akakaa chini pale pale koridoni, sketi yake ya kazini na yote. "Mama, nadhani hii ni kaharabu. Utomvu wa miti uliogeuka jiwe zamani ambazo hata hadithi hazikumbuki. Sijawahi kushika yenye mdudu. Nimeiona vitabuni tu."

Kisha fundi friji, aliyekuwa bado ameshika kitambaa cha kufutia runinga, akakitupa. "Chiriku! Kaite wenzako! Wote! Na gololi zao!"

Loo, palichafuka! Kochi likapinduliwa, friji mbovu zikasogezwa, mke wa fundi akarudi kutoka sokoni akadhani wameibiwa, alipoelezwa akatupa kikapu na kuinama chini ya kitanda. Watoto wakamiminika na soksi, kofia na mifuko iliyojaa gololi. Wengine wakafuatwa na mama zao. Jirani mmoja akavua viatu akaingia mtaroni na ufagio. Rundo likakua sakafuni, kioo, plastiki, vyuma vya magurudumu na kokwa kavu, vyote vimechafuka kwa vumbi mpaka havitambulikani.

"Sasa utazijuaje?" fundi aliuliza.

"Nileteeni beseni. Maji. Na chumvi, lakini chumvi ya kweli kweli, msinionee huruma. Kwenye maji ya chumvi kioo huzama, kaharabu huelea."

Mke wa fundi akamwaga pakiti zote za jikoni. Darubini akakoroga kwa mwiko mpaka chumvi ikagoma kuyeyuka. Watu wakabanana, watoto mbele, mkunga kawekewa kigoda katikati kama bibi harusi.

Darubini akatumbukiza gololi ya kwanza. Ikazama. Ya pili, ikazama. Ya bluu ya Chiriku, ikazama kama jiwe, Chiriku akaguna. Kisha akaachia ile yenye mdudu. Ikazama kidogo, ikasita, ikapanda taratibu, ikaelea juu ya maji ikizunguka.

"Imeeleaaa!" Nyumba ililipuka kwa shangwe. Kuanzia hapo kila iliyotumbukizwa ilisindikizwa na sauti ya umati. Ikizama, "Aaa!" Ikielea, vigelegele. Kokwa kavu nalo lilielea, likashangiliwa sana kabla Darubini hajalitupa nje. Kila iliyoelea aliisuuza, akaimulika kwa tochi yake ya mwanga wa zambarau chumba kikiwa kimefungwa mapazia, na zile za kweli zikatoa mng'ao kama wa mwezi.

Hazikupatikana zote. Lakini zilitosha kumzunguka mkunga shingo na kushuka kifuani. Bibi alizishika kwa vidole vyake vya kazi, akazitazama sana.

"Kumbe yule mama alinipa kitu," alisema polepole. "Mimi nilidhani kanishukuru tu."

Kampuni ilikubali kuzikatia bima, baada ya mtaalamu wa vito kuthibitisha. Fundi friji sasa alitaka sefu ya chuma iliyochimbiwa ukutani.

"Sefu ina shingo?" mama yake alimuuliza.

Darubini akawapatanisha. Mchana azivae, akilala zifungiwe, na bima ikaandikwa hivyo hivyo. Siku ya pili mkunga alikwenda sokoni kununua nyanya mbili tu, kwa njia ndefu, asalimiane na kila mtu.

Na Darubini? Aliwahi kusema kwamba siku ile alirudi nyumbani kwa miguu ilhali nauli ipo mfukoni, kwa sababu hakuweza kukaa kitako. Wiki iliyofuata mtaa ule ule ulimwita tena, safari hii nyumba tatu kwa mpigo, kila mwenye nyumba akiwa na kopo, sanduku au droo aliyoiona kwa macho mapya. Vingi vilikuja kuonekana vina vifungo tu. Lakini alipofika nyumba ya kwanza, kabla ya kujua hayo, mwenyeji akashika mpini wa droo iliyogoma, akaivuta kwa mikono miwili, na Darubini akajikuta ameshatoa lenzi yake, amesimama kwa ncha za vidole vya miguu.