Deni Lililolipwa kwa Jina Nisilolitamka

Mwaka 1997, mwezi Juni, baridi ilipokuwa imeshuka Rungwe na ukungu ukikaa migombani hadi saa nne za asubuhi, nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja. Jina langu ni Subilaga. Nililima ndizi na kahawa Masoko pamoja na mume wangu Ambonisye, ambaye alikuwa karani wa mizani ya chai hadi kiwanda kilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika kisomo cha watu wazima, mwaka 1990. Tangu hapo kila jambo kubwa la nyumba yangu nimeliandika katika daftari pamoja na tarehe yake. Kwa hiyo haya ninayowashuhudia, akina mama wenzangu, si ya kukisia.

Homa ilinianza tarehe 12 Juni. Nilidhani ni malaria, nikanywa vidonge vya dukani. Kufikia siku ya kumi sikuweza kula. Ulimi ulikuwa mweupe, na choo changu kilikuwa cheusi kama masizi. Alfajiri ya Alhamisi tarehe 26 nilisikia kitu kikichanika ndani ya tumbo. Tumbo likawa gumu kama ubao, hata kanga ikiligusa nililia. Majirani walinibeba kwa machela hadi barabarani, na lori la chai likatufikisha hospitali ya misheni.

Mume wangu alibaki nje akiagana na dereva. Karani wa mapokezi akaniuliza jina langu, kisha jina la ukoo nilikoolewa. Kwetu Wanyakyusa, mwanamke wa rika langu hamtazami baba mkwe wake usoni, hasemi naye, wala jina lake halimtoki kinywani; naye baba mkwe hushika miiko hiyo hiyo kwa mkwewe. Nikimwona anakuja njiani, hutoka njia na kuingia migombani mpaka apite. Na ukoo nilikoolewa huitwa kwa jina lake. Nilikuwa katika maumivu, lakini adabu haikunitoka: nikataja jina la baba yangu mzazi. Karani akaandika, nikapelekwa kupasuliwa.

Nilipozinduka, daktari aliinama karibu nami. "Ni homa ya matumbo," akasema. "Utumbo ulikuwa umetoboka mahali pawili, tumeushona. Kazi iliyobaki ni yako, mama. Pumua, kohoa, na usikate tamaa."

Siku ya saba mshono ulifumuka chini ya kitovu, usaha ukatoka. Nitasema ukweli: nilinuka. Mgonjwa wa kitanda cha jirani aliomba kuhamishwa, nami sikumlaumu. Niligeuza uso ukutani nikamwomba Ambonisye asinikaribie. Yeye akavuta kigoda, akakunja mikono ya shati, akaanza kunibadilisha vitambaa.

"Mama Tusekile," akaniambia kwa jina la binti yetu, "nimepima majani ya chai yaliyovunda miaka kumi na tisa. Pua yangu haina adabu tena."

Nilicheka, na kicheko kikauma kuliko sindano. Tangu siku hiyo nilianza kumeza uji. Mwezi Julai nilisimama nikishika ukuta, kisha nikafika mlangoni, kisha msalani bila kushikwa. Jumatatu tarehe 11 Agosti niliruhusiwa.

Nilimwuliza Ambonisye kuhusu deni la hospitali, kwa sababu nilijua hakuwa na kazi. Akatazama barabara. "Limekwisha," akasema. Nikamwuliza limekwishaje. "Limekwisha, mama Tusekile. Panda gari." Hakuwa mtu wa kuniambia uongo, nami sikuuliza tena. Tarehe 2 Machi 2002 alifariki kwa maradhi ya kifua, neno lile likiwa limebaki hivyo hivyo.

Jumanne tarehe 6 Septemba 2005, saa tano asubuhi, nilikuwa namenya ndizi simu yangu ilipolia. Mwezi Julai nilikuwa nimekwenda hospitali ile ile kupimwa shinikizo la damu, na nikawaachia namba. Aliyepiga alikuwa kijana mwenye sauti ya haraka. Alisema anatoka kampuni ya kukusanya madeni mjini Mbeya, kwamba uongozi mpya wa hospitali umewakabidhi majalada ya zamani, na kwamba gharama za upasuaji wangu wa mwaka 1997 hazijalipwa hata senti moja. Nisipolipa ndani ya siku thelathini, nitaitwa mahakamani. Akanitaka nitaje siku hiyo hiyo nitatuma kiasi gani.

Nilimwuliza jina lake na anwani ya ofisi yake, nikaviandika pamoja na saa aliyopiga. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, mimi silipi wala sikatai kwa simu. Niandikie barua. Najua kusoma."

Barua ilifika tarehe 15 kupitia sanduku la posta la usharika. Jina lilikuwa langu na la baba yangu mzazi, tarehe zilikuwa sahihi. Nilifungua sanduku la bati la marehemu nikatoa kila karatasi: vyeti, barua ya kupunguzwa kazi, picha. Stakabadhi haikuwamo. Nikazitoa tena kesho yake.

Kulipa hakukunitisha, ningeuza kahawa, ningelipa. Kilichonikosesha usingizi ni lile neno "limekwisha". Ikiwa deni lilikuwapo, basi mwanamume aliyeniosha usaha alinidanganya mlangoni mwa hospitali, na mimi nilikuwa nimemzika bila kumjua. Kwa siku tisa sikumwambia mtu. Kanisani niliimba kwa midomo tu.

Siku ya kumi nilikwenda Ibighi kwa wifi yangu Tumpe, dada wa Ambonisye, ambaye ana duka la vitenge. Nikamwekea barua mezani. Akaisoma mara mbili, kisha akaanza kucheka mpaka akashika ubavu.

"Wifi, unatafuta risiti kwenye sanduku la kaka? Kaka alikuwa na nini cha kulipia? Kamwulize Baba."

"Tumpe, usinidhihaki. Mimi nitamwulizaje Baba?"

Kicheko kikamwisha. Akanishika mkono, akanisimulia. Wiki zote nilizolazwa, baba mkwe wangu alikuwa akitembea kutoka Masoko kila Jumamosi. Wodini asingeweza kuingia, kwa sababu mimi nilikuwamo. Alikaa kwenye ngazi za jikoni, akiwauliza wauguzi waliopita kama mkwe wake amekula. Siku ya kuruhusiwa kwangu aliuza ng'ombe wa maziwa, akalipa zote, akamwonya mwanawe: nisiambiwe, nisije nikaishi nikijiona mzigo nyumbani mwake. Mwanawe akatii. Ndiyo maana alitazama barabara.

Nililia dukani kwa Tumpe, mbele ya wateja, nami si mtu wa kulia mbele ya watu.

Tumpe alikwenda Masoko kwa mzee akarudi na stakabadhi, ikiwa imetunzwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Tarehe 11 Agosti 1997. Mlipaji aliandikwa kwa jina lake, na mbele yake, "kwa ajili ya mkwe wake". Naye alizuiwa na adabu ile ile kunitaja mimi. Jalada langu na malipo yake vilikaa miaka minane katika ofisi moja bila kujuana.

Jumatano tarehe 19 Oktoba 2005 nilifika kwa mhasibu wa hospitali. Alikuwa mgeni wa huku, mtu mstaarabu. Akaniomba nimtajie mlipaji ni nani na jina lake kamili. Nikamweleza ni baba mkwe wangu, na kwamba jina sitalitamka. Akadhani ninaficha jambo. Muuguzi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akisubiri zamu yake pale, akamwambia, "Mpe kalamu. Kuandika hakumvunjii heshima." Nikaliandika lote, herufi kwa herufi, kwa mara ya kwanza maishani. Akalilinganisha na la kwenye stakabadhi, akafungua daftari la mwaka ule, akaukuta mwandiko wa karani, na kiasi kikalingana na cha jalada langu. Aliniandikia barua yenye mhuri kwamba sidaiwi, na nakala ya kupelekwa Mbeya, akaniomba radhi.

Wenzangu, homa ikizidi siku tatu msiitibu dukani. Anayewadai kwa simu, mwombeni barua. Na marehemu asihukumiwe kwa karatasi isiyoonekana; waulizeni kwanza walio hai.

Nilipotoka, Tumpe alikuwa getini na mzee alikuwa naye, amesimama akiwa ametugeuzia mgongo ili nipate njia. Alikuwa amekuja kwa mkongojo, na miaka yake ilikuwa themanini na mitatu. Nilichuchumaa kando ya njia, nikajifunika kanga. Hatua tano zilitutenganisha. Akamwambia binti yake kwa sauti ya kunifikia:

"Mwambie ng'ombe yule alikuwa mkorofi. Alimpiga teke kila aliyemkamua. Nilipata faida."

Tumpe akanigeukia akanirudia yote, kama vile sikuyasikia. Nilimshukuru Mungu chini ya kanga, kisha nikasema polepole, ili maneno yavuke:

"Mwambie Baba nimepona."