Kukata Kulia Kiluvya

"Mama mkwe wangu hatapanda gari la watu wakati mimi nina pikipiki. Arobaini nitamleta mwenyewe, na mtaniona naingia hapa kabla mchele haujatiwa sufuriani."

Maneno hayo aliyasema shemeji yangu Halidi siku ya kuondoa tanga la mjomba Kitwana, kule Msimbu, Kisarawe, mbele ya wanaume wote waliokuwa chini ya turubai. Hakuna aliyemuuliza. Wazee walikuwa wanazungumzia mihogo.

Halidi ni mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha Zegereni, mume wa dada yangu Firdausi. Ni mtu mwema, hana ubaya ila mdomo. Pikipiki alikuwa hajatimiza nayo miezi miwili, na muda wote huo alikuwa akiiendesha kwenye njia za vumbi za nyuma, kutoka nyumbani mpaka kazini. Barabara ya Morogoro alikuwa akiivuka kwa miguu, ameshuka, anaisukuma pikipiki kama mtu anayepeleka ng'ombe mnadani. Hayo niliyaona kwa macho yangu, maana nilikuwa naishi kwao Kibaha nikiipumzisha diploma yangu, ambayo mpaka leo haijaamka.

Mama yetu alikuwa amekuja Kibaha kutibiwa macho, na miadi yake ikaangukia siku moja kabla ya arobaini. Mimi na Firdausi tulitangulia Msimbu kusaidia mapishi. Dada alimsihi mumewe ampeleke mama stendi, wapande gari la asubuhi. Halidi akasema ahadi ya msibani haivunjwi. Mama hakutia neno, kwetu mama hambishii mkwewe. Lakini katika watoto wa tumbo moja na mjomba Kitwana alikuwa amebaki yeye peke yake, na alichotaka ni kitu kimoja tu: awe mkekani dua ya kaka yake ikisomwa.

Yaliyofuata nimeyaokoteza kwa mama, kidogo kidogo, na mengine kwa Halidi siku alipoishiwa uongo.

Mkwe na mkwe hawagusani. Kwa hiyo mama alipanda ubavu, akaweka kikapu cha viungo vya pilau katikati yao, akakishika kikapu badala ya kumshika mtu. Wakaingia lami. Halidi akaganda ukingoni kabisa, pale lami inapoisha na mchanga unapoanza, mwendo wa jeneza. Muuza mkaa mwenye baiskeli akawapita, akageuka kumwamkia mama shikamoo. Mama akaitika marahaba. Halidi akakaza macho mbele.

Pale Kiluvya, ukitokea Kibaha, njia ya Kisarawe iko kulia. Ili uikate lazima utoke ukingoni, usogee katikati mapema huku malori na mabasi yakikupita, kisha uvuke upande wa wanaokuja. Halidi aliwasha indiketa ya kulia, akasimama pembeni kushoto, akasubiri barabara iwe tupu. Barabara ya Morogoro hiyo. Kushuka aisukume mbele ya mama mkwe aliona haya. Indiketa ikapepesa mpaka muuza maji akaja kuwauliza kama wameharibikiwa. Mwishowe Halidi akaizima, akamwambia mama kwamba mbele kuna pa kukatia pazuri zaidi.

Hapakuwepo. Kibamba ikapita, kila njia ya kulia aliikuta na kasoro. Mama alivumilia mpaka alipoona maduka yameanza kubanana.

"Mkwe wangu," akasema taratibu, "hii si Mbezi?"

"Ndiyo, mama. Tunazunguka kidogo."

Hapo lori likapiga honi nyuma yao. Halidi akakamata breki, kikapu kikaruka, hiliki na binzari zikamwagika barabarani, na mama yangu, mtu mzima wa swala tano, akajikuta amemkumbatia mkwewe kiunoni, shavu mgongoni. Pikipiki ikasimama. Wao wakabaki vilevile kitambo, kwa sababu hakuna aliyejua nani aanze kuona haya.

Mama akashuka, akajifunga kanga upya.

"Nitafutie bodaboda, baba. Kaka yangu ananisubiri."

Alifika Msimbu amemshika kiunoni dereva asiyemjua, bila wasiwasi, maana yule hakuwa mkwe wake. Dua ilikuwa imekwisha. Wazee walisubiri mpaka baada ya adhuhuri, wakaona wageni wa mbali watalala njiani. Pilau lilipikwa kwa viungo vya kuazima, na masufuria yalikuwa yanakwanguliwa ukoko. Mama akakaa mkekani peke yake, akainua mikono, akaomba ya kwake.

Halidi aliingia baadaye, pikipiki kaivusha barabara kwa kuisukuma, kikapu kitupu kimefungwa nyuma. Turubai zima likamtazama. Mama akawahi kusema kwamba mkwe wake hana kosa, pikipiki ilipata pancha. Mzee Badru, ambaye siku ya majigambo alikaa mstari wa mbele, akaweka kikombe chini.

"Gurudumu gani, mkwe?"

"La mbele," akasema Halidi.

"La nyuma," akasema mama, wakati uleule.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Hata mimi, ambaye nimewahi kufukuzwa makaburini kwa kicheko, niliangalia sahani yangu. Halidi naye aliletewa pilau, akalishika mpaka likapoa. Aibu ya pancha haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba amemkosesha mama wa watu dua ya kaka yake, na mama huyohuyo amesema uongo mkekani ili amsitiri.

Tangu hapo kila Jumapili asubuhi alikwenda Kiluvya peke yake. Akajifunza kutazama kioo, kuingia katikati mapema, kutosubiri barabara iwe tupu. Mwezi uliopita nilipanda nyuma yake, akakata kulia kama aliyezaliwa pale. Hakujisifu. Nami sikumtania, jambo ambalo kwangu ni nadra.

Juzi mama alikuwa na miadi nyingine ya macho. Halidi akampigia simu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba sasa anaweza kumfuata mpaka mlangoni. Mama akamshukuru, akamwombea dua ndefu, kisha akaja na gari la watu. Nauli ilikuwa shilingi elfu tatu na mia tano.