Ringi ya Kanisa Ndani ya Spika

Jumanne, tarehe 14 Julai. Ukungu tangu asubuhi, na manyunyu yale ya baridi ya kuozesha maharagwe.

Ilikuwa siku ya nne tangu tumtoe Mama hospitali Embu. Daktari alisema tumpeleke nyumbani apumzike. Hakusema zaidi, na mimi sikuuliza. Hapo nilikosa.

Mimi niliishia kidato cha pili, kwa hivyo huu muziki nimejifunza kwa simu, pengine vibaya. Kule Indonesia wana vyombo vya shaba, muziki wake unaitwa gamelani. Viwili viwili hutengenezwa karibu sawa, kimoja sauti yake ikiwa juu kidogo, na vikigongwa pamoja sauti inatetemeka kama maji kwenye ndoo iliyoguswa. Shaba sina. Nilikuwa na majembe matatu mabovu, na ile ringi ya gurudumu la lori inayoning'inia kanisani kwetu badala ya kengele. Mzee wa kanisa alinikubalia niirekodi. Kwenye kompyuta niliiweka mara mbili, moja nikaishusha sauti kidogo, halafu nikazivuta zote ziende polepole.

Ili nisimsumbue Mama, nilipeleka spika nyuma ya zizi na kuielekeza bondeni. Nilidhani huo ni wema. Ringi ikalia, ikatulia, ikalia tena. Katikati nilikuwa nagonga majembe, nimefurahi sana. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Kwetu ringi ikienda haraka ni ibada. Ikienda moja moja, kuna mtu amekufa. Hilo nalijua tangu utotoni, na sikulikumbuka.

Wa kwanza kutoka kwenye ukungu alikuwa jirani yetu wa chini, kuni mgongoni. Nyuma yake wanawake wengine, na sufuria zimefunikwa. Mwisho akafika mzee wa kanisa, amekasirika kidogo kwamba ringi imegongwa bila yeye. Lakini alinishika mkono.

"Pole, kijana wangu. Ametuacha saa ngapi?"

"Nani?" nikauliza.

Ringi ikalia tena nyuma yangu. Akaangalia spika.

Ndani Mama alikuwa ameketi kitandani. "Ingieni, mnalowa," akawaambia. Kisha akamgeukia jirani. "Na hizo kuni ni mbichi. Ndizo ulizonichagulia?"

"Nilikuwa na haraka, mama."

"Haraka ya kwenda wapi?"

Wengine walicheka. Jirani hakucheka, aliangalia miguu ya Mama ilivyovimba.

Nje, chini ya dirisha, mzee aliniambia nifute ile sauti. Kusema kweli, hakunifokea. Alisema tu kwamba siku ya kweli ikifika, watu watasikia ringi na kudhani ni mimi nacheza, na hakuna atakayekuja. Nikasema nitafuta.

"Usifute," Mama akasema kupitia dirishani. "Umeimaliza?"

"Bado. Sijapata mlio wa mwisho."

"Utafute wiki hii."

Mzee alivaa kofia yake akaondoka bila chai. Mimi nilizima spika, na sikujua mikono niiweke wapi.

Chakula kilicholetwa matangani hakirudishwi kilikotoka. Jioni tulikula githeri ya jirani na mukimo wa wale wengine. Mama alikunywa uji, nusu kikombe.