Mpagazi Asiyetua Mzigo

Nyamizi Lugembe wa Ipole alikuwa na mdomo, na mdomo huohuo nusura umponze. Nyuki wa baba yake walikuwa na adabu kuliko yeye. Alikwenda chuo Tabora mjini kusomea kompyuta akidhani ni mambo ya kubonyezabonyeza chini ya kiyoyozi. Mwaka wa pili akakutana na somo la muundo wa kompyuta na lugha ya asembli, akajuta kuzaliwa.

Maana kompyuta, jamani, ni zuzu! Kwenye asembli unaishika mkono kila hatua: chukua namba hii, iweke hapa, ongeza ile, ikibaki sifuri rukia kule. Ukiituma kazi ya pembeni, inaweka kwenye rundo alama ya njia ya kurudi, nawe unapakia namba zako juu yake. Kazi ikiisha, sharti uzishushe zote. Ukisahau moja tu, inaichukua hiyo ikidhani ndiyo njia, inapotelea porini.

Mwalimu wa somo alikuwa Dakta Mwinshehe, Mzaramo wa Kisarawe. Sasa Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, hilo mtu hafundishwi darasani. Siku ya kwanza alipoita majina tu, vita ikaanza.

"Lugembe? Mnyamwezi! Babu yako alipita kwetu na pembe begani, akala muhogo wetu, akaondoka bila kuaga."

"Shikamoo, mtani. Amuage nani? Kijiji kizima mlikuwa ngomani."

Darasa likavunjika mbavu, na muhula mzima ukawa hivyo. Dakta akikagua kazi yake anatikisa kichwa: "Mpagazi gani huyu! Kupakia anajua, kutua hajui." Naye Nyamizi, badala ya kutazama skrini, anatafuta jibu la kumkomesha. Siku aliposema Wazaramo wakipewa kompyuta wataiwamba ngozi waipige, shoga yake Taghreed, mtoto wa wafanyabiashara wa mjini, alicheka mpaka ushungi ukamvuka. Matokeo yakabandikwa: Taghreed kafaulu, Nyamizi kapewa sapu, mtihani wa marudio. Na sapu nayo akiifeli ni disko, afukuzwe chuo, arudi Ipole kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Moshi ule alishaapa kwamba hautamwona tena.

Asubuhi ya mtihani wa marudio alimkuta Dakta mlangoni mwa maabara. Ndani alikaa msimamizi mgeni, mama mmoja wa chuo kingine, macho makali.

"Shikamoo, mtani," Nyamizi akamchokoza. "Leo kwenu hakuna ngoma?"

"Marahaba, binti yangu," Dakta akajibu kwa upole. "Pole. Mungu akusaidie."

Weee! Mtani gani anasema pole? Watani hata msibani hawana pole. Wanalala kaburini wakidai kitu kidogo ndipo maiti azikwe. Babu yake alipofariki, mtani mmoja alivaa koti la marehemu akaiga alivyokuwa akikohoa, wajane wakacheka na machozi yao. Huyu kusema pole, basi kwake Nyamizi amekuwa chini ya wafu.

Akaingia, akaandika programu, akaiendesha. Ikaganda. Akaisoma upya, akaiendesha tena. Ikaganda. Dakta akapita nyuma yake, akatupia skrini jicho, akaendelea na safari zake.

"Mzaramo, leo umemeza ulimi?" Nyamizi akanong'ona.

Msimamizi akakohoa. Hapo woga wa kweli ukamshika. Hakuna wa kujibizana naye, mdomo hauna kazi. Ndipo lile tusi la muhula mzima likamrudia, mara hii bila kicheko cha darasa: kupakia anajua, kutua hajui.

Akafuata mistari kwa kidole. Amepakia namba tatu. Ameshusha mbili.

"Mjinga wewe," akajiambia, akaongeza mstari mmoja. Jibu likatokea.

Dakta akarudi. Akainama, akaingiza namba nyingine mwenyewe, akangoja. Programu ikaenda na ikarudi salama. Akanyooka, akashusha pumzi ndefu, na sauti yake ya siku zote ikajaa chumba.

"Kumbe! Mpagazi ametua! Na mimi nilishakwenda kumnunulia sanda, tena ya bei ya chini, maana Mnyamwezi hata sanda ataikunja afanyie kata ya kubebea mzigo kichwani!"

Nyamizi akafungua mdomo amjibu. Akaangua kilio.

Msimamizi mgeni akaja mbio, kalamu mkononi. "Binti, huyu mwalimu amekutukana?"

"Amenitukana, mama," Nyamizi akasema, machozi yakimtiririka na meno yote nje. "Mwache aendelee."