Mashine Iliyoitwa Shangazi

Hospitalini walimwita Mama Nyaya. Yeye na mumewe ndio waliotandaza mtandao wa kompyuta pale, mume akitoboa ukuta, mke akivuta kebo upande wa pili, na kila mashine waliyoiunganisha waliipa jina la ndugu. Ya maabara ikawa Mjomba, ya duka la dawa Bibi, ya mapokezi Shangazi. Kila asubuhi majina hayo yalijipanga kwenye kioo cha mkuu wa mtandao kama ukoo uliokuja kikaoni.

Kioo hicho alikitazama mume mpaka alipokufa. Mjane alipokaa yeye mbele ya kioo hicho, aliona jambo lililomtia baridi mgongoni. Shangazi alikuwemo. Mashine hiyo ilikuwa chakavu, mapokezi walishapewa mpya, na mumewe mwenyewe ndiye aliyeiondoa. Jioni jina likatoweka. Kesho yake likarudi.

Habari ilisambaa. Mlinzi wa lango akamsubiri asubuhi.

"Marehemu alikuwa mchapakazi, mama. Hata kaburini hakosi zamu!"

"Funga mdomo, mzee. Wafu hawachokozwi."

"Simchokozi, namsifu. Walio hai hapa wanachelewa kila siku."

Daktari mkuu hakucheka. "Kuna mtu anasoma siri za wagonjwa wetu kwa mashine hiyo," alimwambia. "Na njia hiyo hakuifungua mwingine ila aliyeujenga mtandao. Ijumaa bodi inakaa. Ukikosa jibu, nitaandika kwamba mumeo aliuza siri."

"Mume wangu hakuuza kitu."

"Basi nionyeshe mashine."

Mama Nyaya akaanza kutafuta, akiongozwa na somo ambalo mumewe alizoea kuwapa wauguzi wapya. "Simu yako na spika zako za masikioni," alikuwa akisema, "ni watu wawili kwenye mkeka mmoja. Mmoja akienda mbali, mazungumzo yamekwisha. Mtandao wa hospitali ni nyumba: una kuta, una mlango, na ufunguo tunao wenyewe. Ule unaounganisha majengo ya mji mzima ni mtaa, njia unaitumia pamoja na majirani. Na intaneti ni dunia, barabara isiyo na mwenyewe. Mchele wako usiuanike barabarani." Wauguzi walicheka, lakini walielewa. Faili za wagonjwa zilikaa ndani ya nyumba, hazikutoka.

Kwa hiyo alitafuta ndani ya nyumba. Mashine inayoonekana kwenye mtandao wa ndani imo ndani ya jengo. Ndivyo alivyofundishwa, naye hakuwahi kulitilia shaka neno la mumewe. Alifungua stoo za mashuka, akapekua nyuma ya makabati ya dawa. Aliingia hata chumba cha maiti, akasimama akisikiliza ngurumo ya majokofu, na ndani yake alidhani anasikia kikohozi cha mtu anayemfahamu. Kila aliporudi mezani, Shangazi bado alikuwemo.

Mwisho alikwenda kwenye swichi, mahali kebo zote zinapokutana, akachomoa moja moja huku akilitazama jina. Lilizimika alipochomoa kebo isiyo na lebo. Mumewe hakuwahi kuacha kebo bila lebo.

Aliifuata juu ya dari mpaka paani. Nyuma ya tangi la maji ilifungwa antena ndogo, ikielekea ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la ghorofa lenye pazia la maua. Pazia hilo alilishona yeye. Hapo akalijua kosa lake. Waya una mwisho, mawimbi hayaoni ukuta. Antena mbili zikitazamana, nyumba inavuka barabara, na mtandao wenyewe haujui kwamba umetoka nje.

Shangazi halisi, aliyemlea mumewe na kustaafu mapokezi, alifungua mlango bila kushangaa.

"Karibu, mwanangu. Nilijua utafika."

Mezani, chini ya kitambaa cha kufuma, ilikuwa ile mashine, na kwenye kioo foleni ya wagonjwa wa siku hiyo.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nilikaa pale mapokezi mpaka nywele zikawa nyeupe. Nilipostaafu nikakosa hata mtu wa kumwambia pole. Kijana wangu, mumeo, akanionea huruma, akaniwekea hii. Nawasoma, nawaombea. Sijamwambia mtu neno."

"Unasoma magonjwa ya watu!"

"Nasoma." Bibi yule akainamisha uso. "Na faili ya mumeo niliisoma. Majibu ya maabara yalipita hapa. Nilijua kabla yako. Akaniambia, Shangazi, usimwambie, atavunjika."

Mama Nyaya akakaa bila kukaribishwa. Miezi ile yote mumewe alipotua kwenye kila ngazi, yeye alimcheka kwamba ana uvivu wa paka. Mume naye alicheka pamoja naye.

"Chomoa tu, mwanangu," Shangazi akanong'ona. "Sema ilikuwa hitilafu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Nawe umeona kunyamaza kunazaa nini."

Huruma inayompa mtu ufunguo wa nyumba ya watu si huruma, ni wizi uliopakwa asali. Mama Nyaya alimpenda mumewe, na hata hivyo alimweleza daktari mkuu yote: hakuuza siri, lakini mlango aliufungua, na hakuwa na haki ya kuufungua. Bodi iliamua kwamba chumba cha kompyuta kilichopewa jina la marehemu kivuliwe jina hilo. Aliomba akitoe kibao cha mlangoni yeye mwenyewe. Alilegeza skrubu moja moja, akakifuta vumbi, akakipeleka nyumbani. Ndugu za mume waliacha kumjulia hali.

Antena ya paani aliishusha. Ile ya dirishani hakuna aliyeigusa, na bibi huiwasha kila asubuhi kwa mazoea. Mama Nyaya akipita chini ya lile ghorofa kwenda kazini, simu yake huonyesha mtandao ambao si mkeka, si nyumba, si mtaa wala dunia, mtandao wa mashine moja inayoita bila kuitikiwa. Mumewe aliupa jina la Nyumbani. Simu humuuliza kama anataka kuunganishwa. Yeye huitia mkobani, akavuka barabara, na mlinzi humfungulia lango bila utani.